Stempu za nchi, stempu za mada au bahasha nzima: chagua kabla hujashika mkasi

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Majengo, hapa Moshi, alinijia na boksi la viatu. Lilikuwa la marehemu babu yake. Juu kulikuwa na stempu za wanyama na treni zilizokwishabanduliwa, katikati pakiti mbili za stempu mchanganyiko kutoka Ulaya, na chini kabisa bahasha kumi na tano za miaka ya 1950 na 1960, zimefungwa kwa kamba ya mgomba.

"Shikamoo mjomba. Nataka kuanza kukusanya stempu. Hizi za kwenye bahasha nimeshaanza kuzikata. Nianze na zipi?"

Mkasi alikuwa nao mfukoni. Nilimwomba auweke mezani kwanza, nikateleka chai, na jioni ile yote tukaitumia kulinganisha njia tatu ambazo mkusanyaji wa huku kwetu anaweza kuzifuata: kukusanya stempu za nchi moja, kukusanya kwa mada, au kukusanya bahasha nzima pamoja na mihuri yake. Niliyomweleza ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa sababu swali lake naulizwa mara nyingi, Arusha na Moshi.

Vigezo

Natumia vitano. Cha kwanza ni upatikanaji: unaweza kupata nini bila kutoka mkoani kwako? Sijawahi kuona duka linalouza stempu za wakusanyaji pekee, Arusha wala Moshi, kwa hiyo kigezo hiki nakipa uzito kuliko vyote. Cha pili ni gharama. Cha tatu ni elimu unayohitaji ili usidanganywe na usiharibu. Cha nne ni utunzaji, maana masika ya huku hayana huruma na karatasi. Cha tano ni ukomo: je, ipo siku utaweza kusema mkusanyo huu umekamilika, au utaukimbiza maisha yako yote?

Vifaa vya kuanzia ni vilevile kwa njia zote tatu: kibano chenye ncha bapa, lenzi ya mkono, na albamu yenye kurasa za mifuko. Vidole vina mafuta na jasho, hivyo kibano si cha kuahirisha.

Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe ni mtu wa bahasha. Nimejitahidi kuzitendea haki zile nyingine, na ninao marafiki wa miaka mingi walioshikilia stempu za nchi na hawajajuta hata siku moja.

Njia ya kwanza: stempu za nchi moja

Unachagua nchi, unazifuata stempu zake mwaka baada ya mwaka. Wengi wetu tunachagua Tanzania, na Tanzania ina ukoo mrefu. Mwaka 1893 Wajerumani walitumia stempu za kwao zilizopigwa chapa ya thamani kwa pesa, wakati rupia moja ilikuwa pesa 64. Baadaye zikaja zile za meli ya Kaiser, mfalme wa Ujerumani, na kuanzia 1905 thamani ikaandikwa kwa heller, mia moja kwa rupia. Vita vya Kwanza vilipokata njia za meli, misheni ya Wuga kule Usambara ilichapa stempu za dharura mwaka 1916. Hazikuwahi kutumika. Zilifukiwa ardhini, zikaja kufukuliwa vita vilipokwisha. Waingereza nao waligonga herufi G.E.A., yaani German East Africa, juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda, kisha mwaka 1922 Tanganyika ikapata stempu zake zenye kichwa cha twiga, ambazo kwa macho yangu ndizo nzuri kuliko zote zilizowahi kubeba jina hilo.

Mwaka 1935 tukaunganishwa: Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye stempu moja. Uhuru ulipofika 1961 tulipata stempu zetu, mojawapo ikionyesha mwenge juu ya Kilimanjaro na nyingine mchuma kahawa. Zanzibar ilikuwa na njia yake, tangu stempu za masultani za mwaka 1896 hadi zile zilizogongwa "Jamhuri 1964" baada ya Mapinduzi.

*Upatikanaji.* Mpya utaziulizia kaunta ya posta, kwa Arusha ile ya karibu na Mnara wa Saa. Mwambie karani kwamba unataka stempu za kumbukumbu kwa ajili ya kukusanya, na usichoke akikwambia urudi wiki ijayo. Za zamani utazitafuta kwa wauzaji wa mtandaoni, au kwenye madroo ya wazee.

*Gharama.* Inapanda kama mlima wenyewe: chini kuna joto, juu kuna barafu. Stempu za kawaida za miaka ya 1950 na 1960 ni rahisi, nyingi hazizidi bei ya sahani ya chipsi mayai. Twiga za thamani ya juu na stempu za Kijerumani zinataka mfuko mzito, na za Kijerumani zina mihuri mingi ya kughushi.

*Elimu.* Njia hii inamtaka mtu mwenye jicho. Chukua stempu ya senti 5 ya mwaka 1935, ile ya jahazi Ziwa Victoria. Iweke chini ya lenzi uangalie kamba ya kushoto inayopanda kuelekea tanga. Kwenye baadhi ya stempu kamba inaishia hewani, kwenye nyingine imegusa tanga. Ni stempu ileile, bei mbili tofauti. Zile za Mfalme George wa Sita zilizoanza 1938 zinatofautiana kwa meno, yaani vile vitobo vya pembeni, na bila kipimo cha meno huwezi kujua umeshika ya kawaida au ya nadra. Katalogi, yaani kitabu cha orodha ya stempu na bei zake, kama Stanley Gibbons, au Michel kwa wanaosoma Kijerumani, itakuwa msahafu wako.

*Utunzaji.* Stempu mpya ina gundi mgongoni, na gundi hiyo ikinusa unyevu wa Aprili inashika chochote kilicho karibu. Usirundike albamu, zisimamishe kama vitabu.

*Ukomo.* Hapa ndipo wengi wanapokatia tamaa. Katika miaka ya 1980 na 1990 stempu nyingi mno za Tanzania zilichapwa kupitia mawakala wa nje kwa ajili ya wakusanyaji tu: wachezaji wa filamu, magari, treni za nchi ambazo hatujawahi kuzipanda. Ukiamua kuzipata zote, hutamaliza. Dawa yake ni kujiwekea mpaka. Rafiki yangu mmoja wa Njiro anaishia 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilivunjika, na mkusanyo wake ukaacha kumkimbia.

Inamfaa mtu mvumilivu, mpenda historia ya dola na mipaka, anayefurahi kuona nafasi tupu ikijazwa.

Njia ya pili: stempu za mada

Huku hujali stempu imetoka nchi gani. Unajali picha: samaki, vipepeo, reli, milima, mpira.

*Upatikanaji.* Ndiyo njia rahisi kuliko zote. Pakiti moja ya mchanganyiko kutoka nje inatosha kuanza. Tanzania yenyewe ina hazina: mfululizo wa samaki wa mwaka 1967 na ule wa vipepeo wa 1973 zilikuwa stempu za matumizi ya kila siku, na bado zinapatikana kwa wingi.

*Gharama.* Ndogo, ukijizuia.

*Elimu.* Haidai katalogi nzito, ila inadai ujuzi wa mada yenyewe. Mwalimu mmoja wa baiolojia Tengeru ana albamu ya ndege, na chini ya kila stempu ameandika jina la Kiswahili, jina la kisayansi na mahali alipomwona ndege huyo kwa macho yake. Wanafunzi wake wanaigombania. Jambo moja la kujihadhari: stempu nyingi za mada zimepigwa muhuri kiwandani, hazijawahi kubandikwa kwenye barua yoyote. Utazitambua. Muhuri umekaa kwenye kona, safi kama umepimwa kwa rula, na ukigeuza nyuma gundi bado ipo nzima. Si bandia, na zinapendezesha albamu, lakini usizinunue kwa bei ya stempu iliyosafiri.

*Utunzaji.* Kama ile ya kwanza. Za kubandua kwenye karatasi, zilowekwe kwenye maji ya vuguvugu robo saa mpaka zijiachie zenyewe, kisha zikauke kwenye karatasi nyeupe na kulaliwa na kitabu kizito. Gazeti siwashauri, wino wake unahamia. Bahasha nyekundu au ya kaki iloweke peke yake kwa sababu rangi inatoka na kuchafua maji.

*Ukomo.* Haina. Punguza mada mpaka ibaki ndogo. "Wanyama" ni bahari. "Kahawa" ni kisima unachoweza kukiona chini: mchuma kahawa wa Tanganyika wa 1961, kisha Brazil, Colombia, Ethiopia. Kwa mtu aliyekulia kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga lenye migomba na kahawa, kuna mada gani iliyo karibu zaidi?

Inamfaa mtoto, mwalimu, familia inayotaka shughuli ya Jumapili jioni, na yeyote anayependa kupanga kurasa zikapendeza.

Njia ya tatu: bahasha nzima

Hapa stempu haitengani na bahasha yake. Unachohifadhi ni safari ya barua: stempu, muhuri wa ofisi ilikotumwa, muhuri wa ilikopokelewa, anuani, alama za rejista, hata maandishi ya karani aliyeipeleka pengine kimakosa.

Nieleze kwa nini hili linatuhusu sisi wa Kilimanjaro na Arusha kuliko tunavyodhani. Kuanzia 1935 hadi uhuru, zaidi ya miaka ishirini na mitano, stempu iliyouzwa Moshi ilikuwa ileile iliyouzwa Kisumu na Kampala. Ninazo bahasha mbili za mwanzoni mwa miaka ya 1950, nimezilaza ubavu kwa ubavu. Stempu zake ni zilezile, zina majina ya nchi tatu. Moja ina muhuri wa Kampala: kijana aliyekuwa akisoma Makerere anamwandikia baba yake Machame. Nyingine ina duara lililoandikwa MOSHI juu, TANGANYIKA chini, na tarehe katikati: ni jibu la baba. Bandua stempu hizo, uziloweke, uzikaushe, na hakuna binadamu atakayeweza kukwambia ipi ilitoka kwa nani. Stempu ilikuwa ya watu wote. Muhuri ndio uliokuwa wetu.

Hili nililijua kwa kuumia. Nikiwa darasa la tano, shangazi yangu, karani wa ofisi moja ya ushirika, aliniletea mfuko wa bahasha za kazini zilizokuwa zitupwe. Nilizikata zote kwa jioni moja, stempu tu, nikabakiza ukingo mdogo wa karatasi. Nikajaza daftari. Miaka mingi baadaye nilipofungua daftari lile niliona vipande vya mihuri vilivyokatika: "…SHI", "…RUSH…", "…AMU". Zote zilikuwa zimepitia vituo vidogo vya posta ambavyo leo nalipa pesa kupata muhuri wake mmoja mzima.

*Upatikanaji.* Hapa sisi tuna bahati ambayo mkusanyaji wa London hana. Posta yetu ni ya masanduku: shule, parokia, vyama vya ushirika na ofisi zilipokea barua za watu wengi kwa S.L.P. moja, na karatasi zikarundikana mahali pamoja. Wamisionari waliokuwa mlimani tangu miaka ya 1890 waliandikiana na kwao bila kukoma, na barua za wakati wa Wajerumani unaweza kuzikuta zimeandikwa Moschi na Aruscha. Arusha ina sura zake za karibuni zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa mjini pale kuanzia 1995 hadi 2015, na wafanyakazi wake kutoka mataifa mengi walituma barua nyumbani kwao. Umoja wa Posta wa Afrika nao una makao yake Arusha tangu ulipoundwa 1980. Bahasha za ofisi kama hizo hazijawa za kale, lakini nyingine ni za sura ambayo imeshafungwa.

Tatizo ni kwamba hazina hii inaungua. Mwaka juzi nilifika kwa bibi mmoja wa Kibosho kumwulizia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hizo karatasi unazitakia nini? Mimi nawashia moto asubuhi."

Kando ya mafiga kulikuwa na kikapu. Juu yake ilikaa barua ya anga ya rangi ya samawati, ile inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe, nusu yake imeshachanwa. Nilimwomba, akacheka, akanipa kikapu kizima nami nikamletea viberiti na magazeti. Kisha akaniomba nimsomee mbili kati ya zile barua, kwa kuwa macho yake yamepungua. Tulikaa pale mpaka adhuhuri.

Kwa hiyo jambo la kwanza katika njia hii ni adabu. Barua ni ya mtu. Omba ruhusa kwa mwenyewe au wanawe, warudishie karatasi ya ndani wakiitaka, na usimwonyeshe mtu yaliyoandikwa. Wewe unahitaji bahasha.

*Gharama.* Ukikusanya kwa kuzunguka na kuomba, ni nauli ya daladala na zawadi ndogo. Ukinunua mtandaoni bahasha za Kijerumani zenye muhuri wa huku, jiandae: unashindana na wakusanyaji wa Ujerumani wenye pesa zao.

*Elimu.* Inachukua muda, lakini haichoshi. Unajifunza kusoma muhuri uliofifia kwa kuinamisha bahasha kwenye mwanga wa dirisha. Unajifunza viwango vya nauli ya barua, ili ujue kama stempu iliyobandikwa inalingana na safari yake. Unajifunza pia kuwauliza wazee, na hapo ndipo utajua kwamba "duka la Mhindi karibu na stesheni" lililotajwa kwenye anuani lilikuwa wapi.

*Utunzaji.* Ni mzigo. Bahasha hula nafasi, na mende na mchwa wanazipenda. Kila moja ikae kwenye mfuko wake wa plastiki ngumu isiyo na harufu, kwa sababu ile laini yenye harufu kali hula wino na karatasi taratibu. Usitumie selotepu. Usiipeleke kulaminishwa, hata fundi akikuhakikishia itadumu, kwani joto na gundi vikishaingia havitoki. Maelezo yaandike kwa penseli kwenye kikaratasi cha pembeni, kamwe si juu ya bahasha.

*Ukomo.* Unauweka mwenyewe na unawezekana: ofisi moja ya posta, miaka ishirini. Au anuani moja.

Inamfaa mtu anayependa watu na mahali pake, mwenye miguu ya kutembea na subira ya kusikiliza. Haimfai anayeishi chumba kimoja kinachovuja, wala anayetaka albamu inayong'aa rangi.

Ukiwa na hali hii, fanya hivi

Una mtoto wa miaka minane au kumi? Mpe mada aliyoichagua yeye, si wewe. Akitaka magari, yawe magari. Umpe na kibano chake mwenyewe.

Una mshahara wa kila mwezi na unapenda mambo yenye mpangilio? Stempu za nchi, lakini andika mpaka wako kwenye ukurasa wa kwanza kabla ya kununua ya kwanza. Tanganyika peke yake, 1922 hadi 1964, ni kazi ya miaka mingi na ina mwisho.

Huna pesa kabisa lakini una ndugu Rombo, Marangu, Monduli, Usa River? Bahasha. Anza na droo za kwenu, halafu parokia yenu, halafu shule uliyosoma.

Unatarajia faida? Njia yoyote kati ya hizi itakuchelewesha. Wanaouza kwa faida ni wachache na walianza kwa kupenda. Ikibidi uchague kwa jicho la thamani, vitu vya kabla ya 1922 vyenye muhuri unaosomeka ndivyo vinavyotafutwa, na ndivyo vinavyoghushiwa zaidi.

Umerithi boksi na hujui lina nini? Usibandue chochote, usikate chochote, usitupe bahasha tupu. Panga kwa makundi matatu kama tulivyofanya mezani kwangu, uache wiki mbili zipite, kisha uangalie ni kundi lipi ulilokuwa ukilirudia kulitazama.

Unaweza kuchanganya pia. Yule kijana wa Majengo amechagua reli kuwa mada yake, na zile pakiti za Ulaya zimempa kurasa sita za mwanzo. Bahasha za babu yake zilizobaki nzima ni kumi na moja. Nne alizokata hatukuzitupa: kila kipande tumekitia mfuko mmoja na bahasha kilikotoka, tundu na kilichotoka tunduni vikiwa pamoja. Moja kati ya zile nzima ilitumwa kutoka Voi, na sasa anataka kujua babu yake alikuwa anamfahamu nani Voi. Jumamosi anakwenda kumwuliza baba yake mkubwa.